Mavazi na Jioni Rasmi Kwenye Meli za Kitalii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa zaidi na watu wanaojiandaa kwa safari yao ya kwanza: wazazi waliolipiwa tiketi na watoto wao walioko Ulaya au Marekani, maharusi, wastaafu, na jamaa wanaotaka kukutana baharini badala ya kukutana sebuleni. Majibu yanatazama hasa meli za Cunard, na miongoni mwake Queen Mary 2, kwa sababu kampuni hiyo imeishikilia desturi ya jioni rasmi kuliko nyingi nyingine. Aliyevaa akakubalika humo hatapata taabu kwingine.

Jioni rasmi ni nini hasa?

Ni jioni ambayo abiria huombwa kuvaa mavazi ya hafla kuanzia saa kumi na mbili, wakati wa chakula kikuu, maonyesho ya ukumbini na dansi. Cunard huiita usiku wa gala. Orodha ya vyakula hubadilika, wapiga picha hujipanga karibu na ngazi kuu, na ndani ya Queen Mary 2 bendi hupiga waltz na foxtrot katika ukumbi wa Queens Room hadi usiku mkubwa. Hakuna anayekaa kutoa alama. Hata hivyo ni sherehe ya watu wote waliomo melini, na sherehe ya namna hiyo husimama kwa kila mmoja kuchangia kidogo, kama harusini, ambako mgeni hujua mwenyewe kwamba haji na nguo alizoshinda nazo.

Desturi hii ilianzia wapi?

Ilikuwepo kabla ya utalii wa meli. Samuel Cunard alianza kuvusha barua na abiria kati ya Uingereza na Amerika Kaskazini mwaka 1840 kwa meli ya mvuke iliyoitwa Britannia. Kadiri meli zilivyozidi kuwa kubwa na za starehe, abiria wa daraja la kwanza walihamishia baharini mwenendo wa majumba na hoteli zao, yaani kubadilisha nguo kila jioni kabla ya kuketi mezani. Tuksido, ile suti nyeusi yenye kola iliyofunikwa kwa atlasi, ilipata jina lake la Kimarekani katika miaka ya 1880 kutokana na Tuxedo Park, makazi ya matajiri yaliyoko nje ya jiji la New York.

Masanduku ya zama hizo yalibandikwa karatasi za kueleza kama yanahitajika safarini au yakae ghalani mpaka mwisho wa safari. Usiku wa kwanza mengi yalikuwa bado hayajafunguliwa, na usiku wa mwisho yalikuwa yameshafungwa, kwa hiyo jioni hizo mbili zilisamehewa. Msamaha huo umebaki hadi leo.

Pwani yetu iliijua desturi hii kwa kuiona kwa nje. Meli mbili zilizoitwa Kenya na Uganda, mali ya kampuni ya British India, zilizojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilisafiri kati ya London na bandari za Afrika Mashariki, na humo pia daraja ndilo lililoamua nani ale wapi na akiwa amevaa nini. Waliozipakia na kuzipakua pale Kilindini hawakuketi kwenye meza zile. Mimi hulikumbuka jambo hili kila ninapomwona mzee wa kwetu akivuta kiti katika ukumbi wa chakula, amependeza, na mhudumu anamkunjulia kitambaa cha mapajani.

Katika safari ya siku saba kuna jioni rasmi ngapi?

Mara nyingi ni mbili. Safari fupi za siku tatu au nne aghalabu huwa na moja au hazina kabisa, na kadiri safari inavyorefuka ndivyo zinavyoongezeka. Hupangwa siku ambazo meli iko baharini mchana kutwa, kwa kuwa abiria aliyerudi kutoka matembezini saa kumi na moja akiwa na vumbi na uchovu hana muda wa kujitengeneza. Safari ya Queen Mary 2 kati ya Southampton na New York haipiti bandari yoyote njiani, hivyo kuna siku nyingi za kufaa, na meli ikielekea magharibi saa hurudishwa nyuma hatua kwa hatua, jambo linalowapa wacheza dansi saa ya ziada ya kulala. Tarehe zenyewe huonyeshwa katika taarifa za safari yako na katika ratiba ya kila siku inayoletwa chumbani au kuonekana katika programu ya simu ya kampuni. Zisome kabla ya kufunga sanduku, kwa sababu kampuni hurekebisha kanuni zake za mavazi mara kwa mara.

Je, kila kampuni ya meli ina sharti hili?

La. Norwegian Cruise Line ilianzisha mwaka 2000 utaratibu wa kumwachia abiria uhuru wa muda wa kula na mavazi, na tangu hapo nyingine zimelegeza. Celebrity iliziacha jioni rasmi za zamani mwaka 2015, ikaweka jioni za mavazi ya kupendeza zisizodai tuksido. Viking na Oceania hazina jioni rasmi. Carnival, Royal Caribbean, Princess na MSC zinazo, lakini suti ya kawaida au hata shati zuri lenye kola na suruali ya kitambaa hutosha kwa wengi waliomo.

Ushauri wangu kwa anayechukia kuvaa rasmi ni kuchagua kampuni inayomfaa tangu mwanzo. Kulipia Cunard kisha kulalamikia usiku wa gala ni sawa na kwenda kwenye taarabu na kutaka muziki upunguzwe.

Mwanamume avae nini?

Vazi linalotajwa kwanza ni tuksido na tai ya kipepeo, lakini suti ya rangi nzito, shati jeupe, tai na viatu vyeusi vya ngozi vinakubalika kikamilifu. Suti uliyoshonewa kwa ajili ya harusi ya mdogo wako inafaa, ilimradi bado inakukaa. Nimeona wengi wakikodi tuksido yenye mabega mapana kuliko yao na mikono inayofika kwenye vidole, wakawa usiku kucha wanavuta na kupandisha. Suti yako inayokukaa vizuri itakupendeza kuliko tuksido ya kukodi isiyokuwa na kipimo chako.

Ukiamua kuvaa tai ya kipepeo ya kufunga kwa mkono, jizoeze nyumbani. Chumba cha meli kina kioo kidogo, na bahari ya Atlantiki haina adabu kwa mtu anayejaribu kulinganisha ncha mbili za tai.

Je, naweza kuvaa kanzu?

Ndiyo, na hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize kwa makini, kwa kuwa wengi huacha kanzu nyumbani kwa hofu isiyo na msingi. Kanuni za Cunard zinataja wazi kwamba vazi rasmi la taifa la msafiri linakubalika katika usiku wa gala, sawa na sare rasmi ya kijeshi. Waskoti huvaa kilti zao, zile sketi za wanaume zenye mikunjo, bila kuomba radhi. Wahindi huvaa sherwani, yaani koti refu la hafla, na sari. Kanzu ya mtu wa Lamu, Unguja, Muscat au Kampala ina haki ile ile, na sioni sababu ya mtu aliyelelewa akiiona kanzu Idi, harusini na maulidini kuamini kwamba akifika baharini imegeuka kuwa nguo ya kulalia.

Neno la kuzingatia ni rasmi. Kanzu ya kushindia nyumbani, iliyofifia shingoni, haitafaa hata kwetu kwenye hafla. Ichukue ile nyeupe iliyofuliwa na kunyooshwa, yenye darizi safi shingoni na kifuani, na juu yake uvae koti la suti la rangi nzito kama wafanyavyo Waganda na watu wengi wa pwani. Mwenye joho, basi joho. Ndani vaa shuka au suruali nyepesi nyeupe ya kufaa, kwa sababu taa za ukumbini ni kali na kitambaa chepesi huonyesha yaliyomo.

Nitasimulia jambo moja. Saa kumi na moja jioni, kabla ya usiku wa gala, nilikuwa kwenye foleni ya chumba cha kufulia nikiwa na kanzu mkononi. Mbele yangu alikuwapo mzee wa Kiskoti aliyekuwa akinyoosha kilti yake, mkunjo mmoja baada ya mwingine, akiweka kitambaa chenye unyevu juu ya sufu ili pasi isiiunguze. Alipomaliza aliitazama darizi ya kanzu yangu kwa muda, akaniuliza imeshonwa kwa mkono au kwa mashine. Nilimwambia kwa mkono. Akanipisha mezani na kunipa kile kitambaa chake ili nikiweke juu ya darizi nayo isipoteze mng'ao. Tangu siku hiyo sipigi pasi darizi bila kitambaa juu yake.

Na kofia? Si inasemekana ni utovu wa adabu kuvaa kofia mezani?

Kofia zinazokatazwa katika kumbi za chakula ni kapelo na nyinginezo za jua. Kofia ya mkono inayoambatana na kanzu ni sehemu ya vazi, kama ilivyo kilemba cha Kalasinga, na haivuliwi. Ukiulizwa, jibu kwa utulivu kwamba ni sehemu ya vazi rasmi la kwenu. Mhudumu anayeuliza mara nyingi hutaka kujua tu.

Makubadhi yanaruhusiwa?

Hapa pana ugumu kidogo. Kanuni nyingi huwakataza wanaume kuvaa viatu vya wazi wakati wa chakula cha jioni, na anayesimama mlangoni huenda asitofautishe kati ya makubadhi ya ngozi yaliyotiwa nakshi na ndala za ufukweni. Mimi mwenyewe niliwahi kusimamishwa mlangoni kwa ajili ya makubadhi, katika meli ya kampuni nyingine, mpaka msimamizi alipokuja na kuniruhusu. Nilipita, lakini mke wangu alikuwa amesimama akisubiri huku watu wakipita pembeni, na sikuipenda hali ile. Siku hizi huvaa viatu vyeusi vya ngozi vilivyofungwa, na makubadhi huyahifadhi kwa jioni za kawaida. Anayeyapenda sana amwulize msimamizi wa ukumbi mchana, kabla ya jioni yenyewe.

Je, mwanamke ni lazima avae gauni refu la hafla?

Si lazima. Gauni la urefu wa kati, suti nadhifu ya suruali, au sketi na blauzi ya kitambaa kizuri vinatosha. Anayependa gauni la kuburuza alivae kwa raha zake, akikumbuka tu kwamba kuna ngazi nyingi na kwamba meli huyumba.

Kwa upande wetu hazina ni kubwa. Gauni la kitenge lililokatwa vizuri na kutiwa bitana huonekana kutoka mwisho wa ukumbi, na katikati ya magauni meusi huwa kama taa iliyowashwa. Gomesi la Uganda lenye mabega yaliyosimama na mshipi mpana, mushanana wa Rwanda na imvutano ya Burundi ni mavazi ya hafla kwa asili yake, na hayahitaji kuongezewa kitu. Wasomali wa pwani wana dirac, gauni lao refu na pana la kitambaa chepesi, na Wahindi wa Mombasa na Dar es Salaam wanajua kwamba sari haijawahi kukosea ukumbini. Dera la kawaida la kushindia lisichanganywe na haya, kwa sababu hata kama ni zuri limekaa kinyumbani mno. Kanga ichukue vilevile, si kwa kuivaa mezani bali kwa kujifunika mabega, kwa sababu viyoyozi vya kumbi za meli ni vikali na wanawake wengi hutetemeka kabla mchuzi haujafika.

Mpe fundi kitambaa mapema, angalau wiki sita kabla ya safari, na ulijaribu gauni ukiwa umevaa viatu utakavyovaa. Juu ya viatu vyenyewe, mchuchumio mwembamba ni hatari melini. Kisigino huingia kwenye nafasi za mbao za sitaha, na meli ikiinama kidogo mguu hugeuka. Kisigino kipana cha wastani kitakuruhusu kucheza muziki mpaka mwisho.

Ninavaa buibui na hijabu. Nitaonekana sijavaa rasmi?

Hapana. Buibui la kutokea, lenye darizi au shanga mikononi na kifuani, ni vazi la hafla kutoka Mombasa hadi Dubai, na linaingia katika vazi rasmi la taifa bila mjadala. Hijabu ya hariri au ya shifoni inayoshabihiana nalo hukamilisha. Mama mmoja ninayemfahamu alisafiri akiwa na mabuibui mawili tu ya hafla na mitandio sita, na kila jioni alionekana mpya.

Ukialikwa kwenye tafrija ya nahodha na hupendi kupeana mkono na mwanamume, weka mkono kifuani na uiname kidogo huku ukitabasamu. Manahodha wengi siku hizi hawapeani mikono na abiria kwa sababu za kiafya, kwa hiyo ishara hiyo haitamshangaza mtu.

Nisipotaka kuvaa rasmi, nitalala njaa?

Hutalala njaa. Katika Queen Mary 2, bufee ya Kings Court, baa ya Golden Lion, ukumbi wa Carinthia na kasino huwa wazi kwa waliovaa kawaida, na chakula huweza kuletwa chumbani. Utakachokosa ni ukumbi mkuu wa chakula, sehemu nyingi za burudani na dansi ya usiku huo. Kinachowaudhi abiria wengine ni mtu anayekula bufee akiwa na jinzi kisha akapita katikati ya ukumbi wa dansi kwenda kutafuta kiti. Nawaunga mkono walioudhika: ukichagua upande, kaa upande huo kwa usiku mmoja.

Jioni nyingine zisizo rasmi huvaliwa nini?

Shati lenye kola, suruali ya kitambaa na viatu vya kufunika mguu kwa wanaume, na koti ukipenda. Gauni, sketi au suruali nadhifu kwa wanawake. Shati la kitenge la mikono mirefu linafaa sana hapa. Fulana, kaptura, kandambili na nguo za kuogelea ni za mchana, na kikoi pia ni cha mchana, pembeni mwa bwawa, ambako hakuna vazi linalokishinda.

Jioni zenye rangi au mada maalumu ni za lazima?

Si za lazima. Cunard huwa na usiku wa nyeusi na nyeupe na usiku wa barakoa. MSC huandaa usiku wa mavazi meupe. Virgin Voyages ina usiku wake wa nyekundu. Mwenye kanzu nyeupe ameshamaliza kazi ya mbili kati ya hizo. Barakoa ndogo ya kushika kwa mkono haichukui nafasi katika sanduku, na hata asiyekuwa nayo hukaribishwa.

Watoto je?

Mvulana avae shati, suruali ndefu na viatu safi, au kanzu yake ya Idi. Msichana avae gauni lake la sikukuu. Wadogo waliochoka walishwe mapema kwenye bufee, kwa kuwa chakula cha usiku wa gala huchukua muda mrefu na si haki kumlazimisha mtoto wa miaka minne kukaa wima muda wote huo.

Naweza kubeba pasi yangu na chetezo?

Hapana kwa vyote viwili. Moto ndicho kitu kinachoogopwa kuliko vyote melini, kwa sababu hakuna pa kukimbilia. Pasi ya umeme, hata ndogo ya safari, na pasi ya mvuke hukamatwa wakati mizigo inapokaguliwa, nazo hurudishwa mwisho wa safari. Mishumaa na ubani viko katika orodha hiyo hiyo, kwa hiyo chetezo, makaa na vijiti vya udi vibaki nyumbani. Najua kwa mwanamke wa pwani kutoka bila kufukiza nguo ni kama kutoka bila viatu. Fukiza nguo zako siku moja kabla ya kuondoka, zikunje zikiwa bado zina harufu na uzifunge ndani ya mfuko wa kitambaa. Zitafika baharini zikinukia. Halafu ongeza mafuta ya udi kidogo nyuma ya masikio.

Kuhusu kunyoosha, meli za Cunard zina vyumba vya kufulia vyenye mashine na meza za pasi ambavyo abiria hutumia bila malipo. Meli za kampuni nyingine nyingi hazina, na humo utapeleka nguo kwa dobi wa meli kwa ada. Saa mbili kabla ya jioni rasmi kila meza ya pasi ina watu watatu wanaosubiri. Nenda asubuhi.

Mizigo ya ndege ina kikomo. Nifungeje?

Tiketi nyingi za ndege huruhusu sanduku la kilo 23, na msafiri anayetoka Nairobi au Dar es Salaam kwenda kupanda meli Southampton au Barcelona hana budi kupanga kwa kikomo hicho. Vazi moja rasmi linatosha kwa jioni mbili ukibadilisha vitu vidogo: shati jingine na tai nyingine, au mtandio na vidani vingine. Hakuna anayekumbuka gauni lako la juzi, na anayelikumbuka alilipenda.

Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine ni kugawa. Weka vazi la jioni moja, pamoja na viatu na dawa zako, ndani ya begi la mkononi. Masanduku hupotea kati ya uwanja mmoja wa ndege na mwingine, na meli haisubiri sanduku. Wanaosafiri wawili wachanganye nguo zao katika masanduku yote mawili, ili likipotea moja kila mmoja abaki na cha kuvaa. Hata mizigo isipopotea, bandarini hukabidhiwa wapagazi na inaweza kufika chumbani saa nyingi baada ya wewe kupanda, na ndiyo sababu usiku wa kwanza hauna masharti makubwa.

Kuna kanuni za mavazi tunaposhuka bandarini?

Zipo, na hizi si za kampuni bali za nchi zenyewe. Barbados, Jamaika na Trinidad na Tobago hukataza kwa sheria raia na wageni kuvaa nguo zenye madoa ya kijeshi, hata kaptura ya mtoto au begi la mgongoni. Wanaoshuka Civitavecchia kwenda Roma wakumbuke kwamba hawaingii Basilika la Mtakatifu Petro wakiwa na mabega au magoti wazi. Katika Msikiti Mkuu wa Sheikh Zayed, Abu Dhabi, wanawake hufunika nywele na kuvaa nguo ndefu mpaka chini.

Meli hizi huja pia Mombasa na Zanzibar. Msafiri wa kwetu anayeshuka Mji Mkongwe pamoja na marafiki wageni aliopata melini atafanya wema akiwaeleza mapema wafunike mabega na magoti wanapotembea vichochoroni. Kanga mbili za ziada katika begi lako humaliza tatizo hilo bila maneno mengi, na wengi huomba kuzinunua baadaye.

Na usiku wa mwisho?

Huwa wa mavazi ya kawaida. Masanduku huwekwa nje ya mlango wa chumba kabla ya usiku wa manane ili yateremshwe meli inapofunga gati alfajiri, na asubuhi utayakuta bandarini. Kabla ya kuyafunga, toa nguo za kesho yake, za ndani pamoja na viatu, na uziweke juu ya kiti mahali unapoziona. Kila safari kuna mtu anayeshuka New York au Southampton asubuhi yenye baridi akiwa amevaa viatu vya dansi, kwa sababu vyake vya kawaida vimeshatangulia.